Kamera isipomwona mnyama, je, msitu hauna mnyama?

Wa Tudor: Naleta hoja. Ukija mradi wa kukata msitu huku Pwani, iwe barabara au machimbo, ripoti ya athari kwa mazingira huwa na orodha ya wanyama walioonekana. Asiyekuwamo huchukuliwa kwamba hayupo. Nasema ripoti isiyotaja uwezekano wa kumkosa mnyama aliyepo isikubaliwe.

Kamera ya mtego hufungwa kwenye mti, nayo hujiwasha kipitapo kitu chenye joto tofauti na mazingira. Adhuhuri yetu joto la hewa likikaribia la mwili, kamera hulegea. Mnyama mdogo akipita mbali kidogo hanaswi. Na mbega anayeishi juu ya miti, kamera iliyofungwa usawa wa goti itampata lini?

Fanyeni hesabu. Tuseme paa nunga, yule swala mdogo wa msituni, yupo, na kila siku kamera zina nafasi 5 kwa 100 ya kumnasa. Baada ya siku 14, uwezekano wa kumkosa kabisa ni karibu 49 kwa 100. Hiyo ni sawa na kurusha shilingi! Baada ya siku 60 unashuka hadi karibu 5 kwa 100.

Paa nunga huyu alijulikana zaidi Unguja na msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi. Kamera zilipotegwa misitu ya Boni na Dodori, kaskazini mwa Lamu, zikamkuta kwa wingi. Huko huko zikapiga picha za sengi mkubwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, na mwaka 2010 wataalamu wakatangaza kwamba huenda ni aina isiyojulikana. Msitu ule ungekatwa kabla, tungesema hakikupotea kitu.

Mama wa Likoni: Mwanangu, hizo siku 60 nani atazilipia? Kuna watu wanangoja barabara wafikishe mgonjwa hospitali. Na ndugu zetu walio karibu na Shimba Hills hawahitaji kamera kujua ndovu yupo, mahindi yao yanawaambia.

Mjukuu wa Kaya: Mimi nina jambo jingine. Kamera haichagui. Inampiga paa, inampiga na mama aliyefuata kuni, na mzee aliyekwenda kuomba. Misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2008 kwa sababu ya imani na mila zilizoihifadhi, si kwa wanyama. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019; hizo picha za watu zinakaa kwa nani? Kwanza waulizwe wazee na watu wanaoingia msituni kila siku. Wanajua nyayo na vinyesi, wanajua mnyama yupi huja wakati wa mvua tu.

Wa Tudor: Mjukuu, nakubali bila kusita: wazee wasipokubali, kamera isifungwe, na picha ya mtu ifutwe. Hilo la mvua ndilo kiini chenyewe. Mnyama anaweza kuuhitaji msitu miezi michache tu kwa mwaka, na bila miezi hiyo asiishi. Tena msitu mmoja si mahali pamoja. Arabuko-Sokoke ina msitu mchanganyiko, ina sehemu ya miti ya mrihi, ina vichaka vizito, na wanyama hawavitumii sawasawa. Mtaalamu akifuata penye kupitika kwa urahisi, ataleta orodha ya wanyama wa hapo tu.

Mama, gharama abebe mwenye mradi, si kijiji. Barabara ya mgonjwa siipingi; napinga kuambiwa hakuna kitu na mtu aliyekaa wiki mbili kiangazi.

Mama wa Likoni: Haya, mwenye mradi alipe. Lakini kamera zikimwona huyo paa wako, barabara itapita wapi? Hilo hujanijibu.

Wa Tudor: Ipindishwe kandokando ya msitu, Mama, hata ikiongeza kilomita. Inapobidi kabisa kupita ndani, wanaotumia msitu na wanaongoja barabara waketi pamoja kabla ya kibali kutolewa, ripoti ikiwa mezani kwa Kiswahili.