Naomba ushauri: Nintendo DS Lite haishiki Wi-Fi ya WPA2

Wakuu, naomba msaada wa kuunganisha DS Lite (kifaa cha michezo cha mkononi) ili kucheza mtandaoni. Inashika 802.11b (kiwango cha zamani cha Wi-Fi) ya GHz 2.4 pekee, na usalama wake unaishia kwenye WEP (ulinzi wa zamani, dhaifu). Ruta ikiwa WPA2 (ulinzi mpya zaidi), DS inakataa hata nenosiri likiwa sahihi. Seva rasmi za Nintendo zilifungwa Mei 2014, hivyo DNS (mpangilio unaoelekeza kifaa kwenye seva) nitaielekeza Wiimmfi, seva mbadala ya mashabiki, hapo sina shida.

Tatizo ni ruta. Kuiweka yote WEP ni hatari kwa simu na kompyuta zote za nyumbani, sikubali. Nafikiria mtandao wa wageni usio na nenosiri, uliotengwa, modi ya b/g/n (inayokubali pia 802.11b), uwashwe wakati wa mchezo tu. Je, ruta gani ya bei nafuu inaruhusu hivyo? Au hotspoti ya simu, bila nenosiri, inatosha?