Njia ya pwani yenye vilima, kilomita 75: itawezekana kwa siku moja?

Pedali_Taratibu:
Habari zenu waendesha baiskeli. Kuna njia ya kando ya bahari nimeitamani muda mrefu. Ramani inaonyesha sehemu yake ya juu kabisa ni mita 140 tu, ila programu inadai nitapanda jumla ya mita 1,300. Zinatoka wapi? Gia yangu nyepesi kabisa ni meno 39 mbele na 25 nyuma, na nitabeba kilo 12 kwenye keria.

Kanyaga_tu:
Itawezekana, ukiamka mapema. Maji ya kutosha.

MzeeWaMiteremko:
Programu haijakudanganya, ndugu yangu. Ni mito hiyo. Barabara ya mlimani huweza kupanda mara moja, kisha ikakupa mteremko mrefu. Ya pwani yenye majabali hukutana na kila mto unaomwaga maji baharini, na kila mto umejichimbia bonde lake. Unashuka hadi darajani, unapanda rasi inayofuata, unashuka tena. Mita 110 mara 12, umeshapita 1,300. Tena chini kabisa, pale unapotamani kasi ikusukume mlima wa mbele, mara nyingi pana kona kali na lazima ushike breki.

Barabara za namna hii nazipenda kuliko zote, ndiyo maana nakusihi ushughulikie gia kabla ya kitu kingine. Kwa 39 na 25, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 3.3. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, na mzigo nyuma, magoti yataumia mapema. Kwa 34 mbele na 34 nyuma ni mita 2.1 hivi: ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kama kilomita 7.5 kwa saa, umeketi, unapumua, na bahari unaiona. Muulize fundi kwanza kama kibadilisha gia chako cha nyuma kinamudu meno mengi hivyo. Huenda mnyororo nao ukahitaji kurefushwa.

Pedali_Taratibu:
Asante sana mzee wangu. Na mwelekeo je? Naweza kuanzia upande wowote.

MzeeWaMiteremko:
Fuata upepo uliozoeleka msimu huo. Pwani ya California, kule Big Sur, wengi huenda kaskazini kuelekea kusini kwa sababu wakati wa kiangazi upepo hutoka kaskazini-magharibi. Na kwa kuwa kule magari hupita kulia, bahari inakuwa upande wako: unasimama kutazama bila kuvuka barabara. Panapoendeshwa kushoto, bahari iwe kushoto kwako. Vikipingana, mimi nachagua upepo.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, basi upepo wa bahari huvuma kuingia bara na kukupiga ubavuni. Ukitoka nyuma ya jabali, shika mpini vizuri kabla hujafika peupe.

Ringi_na_Spoki:
Naongeza la breki. Kama zako zinabana ringi, usizishikilie mteremko mzima, ringi itapata moto. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ipoe. Kagua pedi siku moja kabla, si asubuhi ya safari.