Neva imefunguliwa, wiki ya 10 sasa: mbona misuli ya nyonga bado inauma?

Kitongoji:
Wakuu, heshima kwenu. Ndugu yangu, miaka 41, alifanyiwa upasuaji wa kufungua neva ya pudenda (ile ya msamba na sehemu za siri) iliyobanwa upande wa kulia, kwa njia ya kalio. Leo ni wiki ya 10. Ule moto na zile shoti za umeme vimepungua sana. Kilichobaki ni maumivu mazito ya kubana, ndani kabisa ya kalio na kuzunguka njia ya haja kubwa, na jioni yanazidi. Kukaa zaidi ya dakika 15 hawezi. Anatumia amitriptilini (ya maumivu ya neva) mg 10 usiku na parasetamoli, na ana tramadoli (dawa kali ya maumivu) zilizobaki anazozitamani siku zikiwa mbaya. Kila asubuhi anavuta goti hadi kifuani kujinyoosha, na kuna mtu kamshauri akalie mpira wa tenisi. Je, neva bado imebanwa au ni misuli? Na hayo mazoezi yanafaa?

FizioPwani:
Kwa maelezo hayo, mkuu, misuli ndiyo inayoongoza. Maumivu ya neva huwaka, hupiga shoti au huleta ganzi, na hufuata njia yake: sehemu za siri, msamba, njia ya haja kubwa. Ya misuli ni mazito, ukibonyeza unayaamsha, yanapanda kadiri siku inavyokwenda na joto huyatuliza.

Neva hii hutoka S2 hadi S4, yaani mizizi ya neva ya chini ya mgongo, hupita katikati ya ligamenti mbili (kamba zinazounga mifupa) nyuma ya nyonga, kisha huingia kwenye mfereji uliotengenezwa na utando wa obturata ya ndani, msuli wa ndani ya kalio unaozungusha paja kwenda nje. Msuli huo na sakafu ya nyonga (misuli inayoziba nyonga kwa chini) vimekuwa vikijikaza muda wote neva ilipokuwa ikiuma. Kisu kimeachia neva, hakijaachia misuli. Isitoshe, kwa njia ya kalio daktari hupita katikati ya nyuzi za msuli mkubwa wa kalio na hukata ligamenti, kwa hiyo kiungo cha nyuma ya nyonga kinabeba mzigo kwa namna mpya.

Kuvuta goti kifuani aache. Nyonga ikikunjwa sana, neva inavutwa na kovu bichi linavutwa nalo. Kuchuchumaa kabisa, vivyo hivyo.

Badala yake aanze na pumzi. Alale chali, miguu juu ya kiti cha plastiki, magoti na nyonga kwenye pembe ya 90. Aweke vidole viwili juu ya nguo, katikati ya mfupa wa kukalia na njia ya haja kubwa. Avute pumzi puani kwa sekunde 4: nyama iliyo chini ya vidole inatakiwa ivisukume kidogo. Ikikimbilia ndani, anajikaza bila kujua. Atoe pumzi kwa sekunde 6, bila kubana chochote na bila kusukuma kama anayekwenda haja. Dakika 5, mara 3 kwa siku. Wengi hulidharau kwa kuwa halitoi jasho, kumbe ndilo linalofanya kazi kubwa.

Mazoezi ya kubana msamba, hapana kwa sasa. Msuli uliokwisha kujikunja haupewi kazi ya kujikunja zaidi. Lile la kulala ubavu na kufungua magoti nalo aliache, linaitumikisha obturata moja kwa moja.

Mpira asiukalie. Kovu likiwa limepona, asimame, auweke kati ya ukuta na sehemu ya nje ya kalio, sekunde 60 tu. Kati ya mfupa wa kukalia na kifandugu usifike, humo ndimo neva inamopita. Ikipiga shoti, autoe.

Famasia_Mtaani:
Naongezea upande wa dawa. Tramadoli juu ya amitriptilini si mchanganyiko wa kujipangia nyumbani: inaongeza hatari ya degedege na ya serotonini, kemikali ya ubongo, kupanda kupita kiasi. Pia zote mbili hufunga choo, na choo kigumu kinairudisha misuli ileile kwenye mkazo. Parasetamoli isizidi g 4 kwa saa 24, na ahesabu pia iliyomo kwenye dawa za mafua.

Chooni aweke miguu kwenye kistuli cha sm 20 hivi, aegemee mbele kidogo, asikamue. Cha kuchuchumaa akiepuke.

Joto: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga iliyokunjwa, dakika 15. Aipime kwanza kwa mkono, kwa sababu penye ganzi ngozi huungua mtu asihisi.

Kitongoji:
Shukrani sana. Vipi kuhusu mto wa kukalia? Na bodaboda?

FizioPwani:
Ule wa duara wenye tundu katikati haufai, msamba unaning'inia kwenye tundu na kuvutwa. Nunua sponji ngumu ya inchi 3, kata sm 45 kwa 40, halafu toa kipande cha upana wa sm 12 kuanzia katikati hadi ukingo wa nyuma, iwe kama herufi U. Uzito ubebwe na mapaja na mifupa ya kukalia, msamba usiguse kitu. Sponji laini hubonyea hadi chini, inakuwa kazi bure.

Akae dakika 10, asimame kabla maumivu hayajafika. Aongeze dakika 2 tu ikiwa asubuhi inayofuata hali haijazidi. Ikizidi, apunguze nusu. Kutembea dakika 5 hadi 10 mara nne kunamfaa kuliko dakika 40 kwa mkupuo.

Neva yenyewe hukua kama mm 1 kwa siku, hivyo nafuu huhesabiwa kwa miezi, na wapo wanaofika mwaka au zaidi. Lakini mkojo ukigoma, ganzi mpya ikatanda msambani, mguu ukalegea, homa ikapanda, kidonda kikatoa usaha au shavu la mguu mmoja likavimba, ni hospitali siku hiyohiyo.

Bodaboda hapana. Tandiko linabana msamba palepale, na kila tuta linapiga. Kwenye gari akae mbele, alaze kiti, na safari ndefu washuke kila nusu saa.