Msaada: kipimo gani cha damu kinatabiri kifo cha ghafla baada ya mshtuko wa moyo?

Mlezi: Wakuu, naomba ushauri. Baba alipata mshtuko wa moyo wiki 5 zilizopita, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, kijibomba cha kuuweka wazi. Kwenye vipimo vyake vya damu, NT-proBNP imeshuka kutoka 2,900 hadi 1,400 pg/ml, ila BNP imepanda kutoka 310 hadi 480. Nataka kuongeza kipimo cha ST2. Kipi kinatabiri vizuri kifo cha ghafla? Usingizi sina.

Kinga Bora: Simamia dawa kwanza. Watu wanahangaika na vipimo huku vidonge vinarukwa. Mwenye stenti akiacha aspirini na ile dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, stenti inaziba.

Mpima Damu: Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake. NT-proBNP hupanda kuta za moyo zikielemewa, troponini huvuja misuli ikiumia, ST2 huenda na makovu. Vyote vinasema moyo una hali mbaya. Sasa moyo wa namna hiyo unaweza kuchoka polepole, kupata mshtuko mwingine, au umeme wake kuvurugika ghafla kwenye kovu, na namba ya damu haikuonyeshi ni ipi kati ya hizo. Isitoshe, NT-proBNP hupanda kwa uzee na figo mbovu, na kwa wanene husomeka chini. EF yake, yaani asilimia ya damu ambayo moyo husukuma nje kila pigo, ngapi?

Mlezi: Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ya siku ya kuruhusiwa ilisoma 30%.

Mpima Damu: Hiyo ndiyo ilipaswa kutangulia. Amewahi kuzimia?

Mlezi: Juzi, akiwa amekaa. Sekunde chache tu, akazinduka mwenyewe. Lakini siku hiyo hakula vizuri. Halafu tuliambiwa eko irudiwe baada ya siku 40 ndipo lizungumzwe suala la ICD, kifaa cha kushtua moyo. Tumeshakubaliana tusubiri, tupate ST2 kwanza.

Jicho Kali: Hii imetungwa. BNP na NT-proBNP zinatokana na protini moja. Moja ishuke, nyingine ipande? Huyu kaokota namba mahali.

Mpima Damu: Hutokea kwa anayetumia sakubitrili. Inazuia kimeng'enya kinachovunja BNP, nayo inabaki kwenye damu. NT-proBNP haivunjwi na kimeng'enya hicho, kwa hiyo ndiyo ya kufuatilia. Mlezi, anaitumia?

Mlezi: Ndiyo, ile iliyochanganywa na valsatani. Na Lasix, ya kukojoza maji.

Jicho Kali: Basi nafuta kauli, mkuu. Pole.

Mpima Damu: Utafiti wa DINAMIT, 2004, ulionyesha ICD ya mapema inapunguza vifo vya umeme wa moyo, lakini vifo vingine vikaongezeka, jumla ikabaki vilevile. Ndiyo maana watu husubiri siku 40. Kusubiri huko si kwa aliyezimia bila sababu akiwa na EF 30%. Aende leo, alazwe kwenye mashine ya kufuatilia mapigo. Damu ya haraka ni potasiamu na magnesiamu: Lasix huvishusha vyote viwili, na vikishuka umeme wa moyo unayumba. Asikunjekunje ngumi wakati wa kutolewa damu, potasiamu itasomeka juu kuliko ilivyo. Asiendeshe gari.

Mlezi: Baba anasema hadi Jumatatu.

Mpima Damu: Leo. Akianguka njiani na hapumui kawaida, ita msaada, kandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kiinuke kila mara, usiache hadi wafike.