Kodi 52: draiva ileile, mashine moja inakubali, nyingine inagoma

kisiki07: Draiva ya keneli (kiini cha Windows) ya kichapishi cha risiti (USB). Tuliisaini 2020 kwa cheti chetu cha EV (cheti cha kusaini programu, kampuni ikihakikiwa kwa kina), muhuri wa muda upo. Kwenye Windows 10 iliyopandishwa kutoka Windows 7 inapiga kazi. Kwenye mashine mpya, pembetatu ya njano na Kodi 52 (Windows imeshindwa kuthibitisha sahihi ya draiva). Faili ni zilezile. Tatizo nini?

mzee_wa_keneli: Sahihi yenu peke yake haitoshi. Tangu toleo 1607 la Windows 10, draiva mpya ya keneli lazima iwe na sahihi ya Microsoft. Mashine iliyopandishwa kutoka toleo la zamani imesamehewa, na iliyozimwa Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka) pia. Hakikisha hali ya Secure Boot kwa msinfo32 (programu ya taarifa za mfumo). Tafadhali msiwaambie wateja waizime. Mtakuwa mmehamishia tatizo kwao.

Njia fupi: weka .inf (maelekezo ya usakinishaji), .sys (draiva yenyewe) na .pdb (data ya kutafuta hitilafu) kwenye folda ndani ya CAB, yaani faili la kubana (zikikaa nje ya folda, inakataliwa), saini CAB kwa EV, pandisha Hardware Dev Center, tovuti ya Microsoft inayosaini draiva. Hakuna majaribio ya maabara, ila haitapakiwa kwenye Windows Server 2016 kwenda juu.

koki: Mkitaka seva au Windows Update kwa wateja wote, ni HLK tu (seti ya Microsoft ya kujaribu vifaa na draiva). Programu zake mbili, Kontrola na Studio, kwenye seva moja, mashine ya kujaribiwa pembeni, na toleo la HLK lilingane na la Windows. Matokeo mnayatuma kama .hlkx. Wengi wanaangukia jaribio la kuchomoa kifaa ghafla: ombi la kuandika linabaki linaning'inia, halijakamilishwa wala kufutwa. Kwa hiyo kabla ya HLK, washa Driver Verifier (kikaguzi cha draiva ndani ya Windows):

verifier /standard /driver risiti.sys

Washa upya, chapisha mfululizo, chomoa waya katikati. Mashine ikianguka kwa 0xC4 (Verifier imekuta kosa la draiva), soma faili iliyo C:\Windows\Minidump. Ukimaliza, verifier /reset, la sivyo mashine itabaki nzito.

kisiki07: Nimepita njia fupi, sahihi imerudi. Sasa usakinishaji unalalamika kwamba heshi ya faili (alama inayokokotolewa kutoka yaliyomo) haimo kwenye katalogi (faili la .cat lenye sahihi). Nilibadilisha namba ya toleo tu kwenye .inf.

mzee_wa_keneli: Hiyo "tu" ndiyo iliyoivunja. Katalogi inashika heshi ya kila faili. Hata nafasi moja ikiongezeka, haitambuliki. Rudisha .inf iliyotoka Microsoft. Ukitaka namba mpya, badilisha kwenye chanzo, kisha utume CAB upya.