Naomba ushauri: mmea wa jamii ya kunde wa kufunika ardhi chini ya migomba na mibuni, Kibosho

MwanaKihamba, Moshi:
Habari za kazi, wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu kihamba (shamba la nyumbani) cha familia kilichoko Kibosho, ambacho sehemu yake ya chini, kuanzia uani kwa mama hadi kwenye mfereji, imebaki udongo mtupu kati ya migomba na mibuni ya zamani. Kila masika maji hushuka na tope, na mizizi ya migomba ya ukingoni imeanza kuonekana. Nyasi sizitaki, kwa sababu zinagombania rutuba na kahawa na kufyeka hakuishi. Nimevutiwa na ile karanga ya kutambaa yenye maua ya njano, Arachis pintoi, ambayo asili yake ni Brazili na ambayo hapa mjini hupandwa kama pambo. Je, itastahimili kivuli, pamoja na ukavu wa kuanzia Juni hadi vuli? Mama naye anauliza kama haitakuwa maficho ya nyoka, na swali lake silipuuzi hata kidogo.

BustaniTengeru:
Mfikishie mama shikamoo yangu. Umechagua vizuri, kwa kuwa ni mimea michache ya jamii ya kunde inayokubali kuishi chini ya mgomba, na huu ni mmoja wao. Shina lake hutambaa na kutoa mizizi kwenye kila pingili inayogusa udongo, na mizizi hiyo ndiyo itakayoushika mteremko wako. Ukame ukizidi utapukutisha majani na kuonekana kama umekufa, lakini mvua zikirudi huchipua tena kutoka kwenye mashina yaliyobaki, kwa hiyo usiung'oe.

Kazi kubwa iko mwanzoni. Mmea huu huchelewa kufunga ardhi, pengine mwaka mzima, na kama kuna ndago au ukoka utamezwa kabla haujashika. Toa magugu hayo kwa jembe la uma, mizizi yake yote, kabla ya Machi. Masika yakishakolea, panda marando yenye pingili tatu au nne, ukifukia theluthi mbili ya kila rando, kwa nafasi ya sentimita 25 hadi 30, na mistari ikate mteremko badala ya kuufuata. Katikati ya mistari tandaza majani makavu ya migomba hadi karanga itakapokutana, na palizi ifanyike kwa mkono, kwa sababu jembe litakata mashina machanga.

Jambo la pili ni bakteria. Nitrojeni haitengenezwi na karanga yenyewe, bali na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake, na shamba ambalo halijawahi kulimwa karanga linaweza kuwa na wachache mno. Unapochukua marando, chukua pia udongo kidogo wa pale yalipoota, uuchanganye kwenye mashimo. Baadaye chimbua mche mmoja, upasue kinundu kwa ukucha: ndani kukiwa na rangi ya waridi, kazi inaendelea, kukiwa kweupe au kijani, bado.

MkulimaWaHimo:
Mbona mnaiacha ngwara, ile jamii ya maharage (Lablab purpureus)? Inaota haraka, inaliwa, na sokoni ina bei.

BustaniTengeru:
Ndugu yangu, kwako Himo kwenye jua na mahindi nakuunga mkono kabisa. Ila ngwara inataka mwanga, na ikivunwa ardhi inabaki wazi tena, pengine masika yakiwa mlangoni. Desmodiamu nayo ni malisho mazuri, lakini hupanda juu ya mibuni, na maganda yake hunata kwenye nguo za kila apitaye.

MamaKahawa, Machame:
Naongeza kwa upande wa kahawa, kwa sababu hapa ndipo wengi hawaangalii. Acha duara tupu la nusu mita kuzunguka kila mbuni, na zaidi kidogo kwa mgomba mchanga, kwa kuwa karanga nayo hunywa maji na hushindana na mche ambao mizizi yake bado iko juu. Duara hilo lina faida nyingine: buni zinazoanguka wakati wa mavuno huonekana na kuokotwa. Zikipotelea chini ya majani, yule mdudu anayetoboa buni atazaliana humo na kurudi kwenye miti yako msimu unaofuata.

Kuhusu nyoka, mwambie mama kwamba juani mmea huu hubaki mfupi, ila kivulini hurefuka ukitafuta mwanga. Ufyeke karibu na njia na nyumba, majani mpe ng'ombe au mbuzi, wanayapenda mno. Cha kuangalia zaidi ni panya, kwani mbegu zake hukomaa chini ya udongo kama za karanga ya kawaida na panya huzifukua. Na panya wakiwepo, nyoka huwafuata. Mimi ningeacha ukanda mtupu, uliofagiliwa, kuzunguka nyumba ya mama.

MwanaKihamba, Moshi:
Nawashukuru sana, na mama amefurahi kusikia habari ya ukanda. Nitaanza na kipande cha ukingoni mwa mfereji. Je, ninunue mbegu au nitafute marando?

BustaniTengeru:
Marando. Mbegu ni ghali kwa sababu kuzichimbua ni kazi nzito. Kwangu yapo, nitumie ujumbe masika yakianza. Njoo asubuhi na gunia lililoloweshwa, tukate, na uyapande siku hiyo hiyo jioni, kwa maana yakilala yamekauka hayashiki.