Kuifanya 150cc iwe ya kispoti: nianze na kifaa kipi?

Gia_ya_Tano
Wakuu salaam. Pikipiki ni 150cc ya kupozwa kwa hewa, valvu mbili zinazosukumwa na rodi, kabureta ya 27 mm, gia tano. Sproketi ni 15 mbele na 42 nyuma, mnyororo 428. Rimu ni za spoku, nchi 18, ya nyuma ina upana wa 1.85 na tairi 3.00-18. Mbele ina breki ya diski, nyuma ngoma. Nataka ichangamke inapoondoka, ishike kona vizuri na ikae kispoti, ila bado iwe ya kutumika kila siku. Kwenye orodha yangu kuna ekzosi ya wazi, kabureta ya 30, chujio la hewa la koni, CDI (kifaa cha umeme kinachoamuru cheche za plagi) isiyo na kikomo cha mizunguko, hendo fupi za kubana kwenye shokapu, na tairi pana. Nitanunua kimoja kimoja. Kipi kitangulie, na kipi nikiache kabisa?

MnyororoMkavu
Kitangulie ambacho hukukitaja: sproketi ya mbele. Gawa 42 kwa 15 unapata 2.80. Ukiweka ya meno 14 inakuwa 3.00, maana yake nguvu ya kuvuta kwenye tairi inapanda kama asilimia 7 katika kila gia, na kasi kwa mizunguko ileile inashuka kwa karibu kiasi hichohicho. Hakuna ekzosi itakayokupa hilo kwenye injini hii.

Kuhusu kasi ya juu, usihofu sana. Pikipiki nyingi za aina hii zimefungwa gia ndefu ili zile mafuta kidogo, na kwenye gia ya tano upepo huzizuia kabla injini haijafika kwenye mizunguko yake yenye nguvu. Kwa 14 mara nyingi tano inakuwa gia ya kutumika badala ya gia ya kuteremkia mlima.

Matokeo hayohayo unayapata kwa 15/45, ila meno matatu zaidi nyuma huenda yakakulazimisha kuongeza pingili mbili za mnyororo. Usishuke hadi 13. Gia ya kwanza inaisha hujaanza kwenda, na mnyororo unajikunja kwenye duara dogo mno, hivyo unaisha upesi na kuanza kukwaruza juu ya swingiamu (mkono unaobeba tairi la nyuma).

Dukani usitaje idadi ya meno peke yake. Injini za aina hii zina shafti ya 17 mm au ya 20 mm, na sproketi za aina zote mbili zimejaa rafuni. Beba ile ya zamani, zipachike moja ndani ya nyingine, linganisha pia unene na jinsi kitovu kilivyochomoza, la sivyo mnyororo hautakwenda mstari mmoja na wa nyuma. Wakati wa kufungua, legeza zile bolti mbili za bati la kushikilia sproketi, mnyororo ukiwa bado mahali pake na mtu amekanyaga breki ya nyuma. Ukishatoa mnyororo shafti itazunguka na hutakuwa na pa kushikia.

Kama mnyororo umevutika, badili vyote vitatu kwa pamoja, mnyororo na sproketi zote mbili. Mnyororo mchakavu unaumaliza uso wa sproketi mpya kabla hujaifaidi. Uchezaji wake uwe 20 hadi 30 mm, upimwe pale unapokaza kuliko pote ukizungusha tairi, na klipu ya kiungo iwe upande wake uliozibika ndio unaoelekea mwendo wa mnyororo. Spidomita yako kama inaendeshwa na tairi la mbele haitadanganya, kama inachukua kwenye giaboksi itasoma zaidi ya kasi halisi.

Mzee_wa_Valvu
Naunga mkono, ila kabla ya kununua hata hiyo sproketi, pima valvu. Kwa injini hizi za rodi nafasi huwa 0.05 hadi 0.08 mm (fuata kitabu chako), injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo na alama ya T kwenye gurudumu la sumaku imelingana. Valvu iliyobana haifungi vizuri, mgandamizo unapotea, halafu mtu anatafuta kwenye ekzosi nguvu alizozipoteza kwenye nati ya robo zamu. Angalia na oili pia. Klachi yako imelowa kwenye oili ileile ya injini, kwa hiyo iwe yenye alama ya JASO MA au MA2 (viwango vya oili ya pikipiki zenye klachi ya aina hiyo). Ukiweka ile ya magari ya kubana matumizi ya mafuta, klachi huteleza, na itateleza zaidi ukiongeza nguvu.

FundiJeti
Ekzosi inawezekana, lakini si ile ya bomba tupu. Kwenye silinda ya 150 moshi unahitaji mwendo ndani ya mrija. Ukiupanua mno, gesi inapoteza kasi, mvuto wa chini unakufa, na kinachobaki ni kelele inayomdanganya dereva kwamba anakimbia. Tafuta yenye mrija wa kipenyo cha ndani kinachokaribiana na ule wa awali, na sailensa yenye pamba inayoweza kubadilishwa. Weka gasketi mpya kwenye tundu la silinda kila unapoifungua. Kiungo hicho kikivuja, hewa huingia na ekzosi hupigapiga unapoachia mafuta, na watu wanakimbilia kubadili jeti wakati kosa ni gasketi.

Ukishafunga, kabureta lazima ifuate. Fahamu kipi kinatawala wapi: jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko ni kuanzia aksileta ikiwa imefungwa hadi robo, sindano ni robo hadi robo tatu, jeti kubwa ni robo tatu hadi mwisho. Bandika utepe kwenye mkono wa aksileta na uweke alama hizo, usikisie.

Kwanza jeti kubwa. Kama iliyopo ni 100, nunua 102, 105 na 108 za aina ya kabureta yako. Jeti za Keihin na Mikuni zina hesabu tofauti za namba, usichanganye. Na usitoboe jeti kwa drili hata iwe ndogo vipi, tundu halitakuwa laini wala hutajua umefika wapi.

Injini ikiwa imepata moto, gia ya nne, pahala palipo wazi na salama, fungua hadi mwisho kisha rudisha aksileta kidogo sana. Ikivuta zaidi pale uliporudisha, mchanganyiko ni mwepesi (mafuta machache), panda jeti moja. Ikiwa inakohoa na kutoa moshi mweusi ukiwa umefungua yote, ni mzito, shuka. Hakikisha kwa plagi mpya: endesha hivyo kwa muda, bana klachi, zima injini hapohapo bila kuiacha ingurume, ifungue. Nyeupe kama chokaa ni hatari, pistoni inaungua. Masizi makavu meusi ni mafuta yamezidi. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka.

Halafu sindano. Ikisita katikati, shusha klipu tundu moja, yaani sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Mwisho ni skrubu, anza zamu moja na nusu kutoka ilipokaza. Angalia ilipo: ikiwa upande wa injini inatawala mafuta, kuifungua kunaongeza uzito. Ikiwa upande wa chujio inatawala hewa, kuifungua kunapunguza. Hapa ndipo wengi wanapogeuza mambo.

Chujio la koni liache. Boksi la kiwandani linatuliza hewa kabla haijaingia kwenye kabureta. Ukiliondoa unaanza kurekebisha upya kila hali ya hewa inapobadilika, mvua inaloanisha chujio, na yale ya bei rahisi yanapitisha vumbi hadi kwenye ringi. Chujio safi la kawaida ndani ya boksi zima linatosha kwa kila ulichokitaja.

Gia_ya_Tano
Asanteni sana wakuu. Kwa hiyo kabureta ya 30 na CDI ya mbio ndiyo basi? Muuzaji anasema zinaingia bila kubadili kitu.

Mzee_wa_Valvu
Kuingia zitaingia. Kabureta ya 30 kwa valvu na kamshafti zilezile ni koo pana kuliko pumzi ya injini. Ukifungua ghafla kwenye mizunguko ya chini, hewa haina kasi ya kunyonya mafuta, pikipiki inazubaa kwanza ndipo inaondoka. Manifodi (mrija unaounganisha kabureta na injini) nayo ikibaki ya 27 kuna ngazi katikati ya njia. Utapata kidogo juu kabisa, utapoteza pale unapoendeshea kila siku. Baki na 27 iliyopangwa vizuri.

CDI ina mambo mawili. Moja ni umeme. Kuna za AC zinazopata moto kutoka kwenye koili ya stata (sehemu inayozalisha umeme injini ikizunguka), na za DC zinazotumia betri. Plagi za nyaya zinaweza kufanana kabisa na bado ukichanganya unaiunguza au inakataa kuwaka. Nyingi za AC zina waya mweusi wenye mstari mwekundu kutoka stata, ukiupima wakati wa kupiga kiki unaona makumi ya volti za AC. Ya DC ukifungua swichi unakuta volti 12 kwenye waya wake wa kuingilia. La pili ni kile kikomo wanachojisifu kukiondoa. Valvu zako zinasukumwa na rodi ndefu, ni mzigo mzito kuurusha na kuurudisha. Mizunguko ikizidi, springi haiwahi kuifunga valvu, inaelea, rodi inapinda, na siku mbaya valvu inakutana na pistoni. Na nguvu za injini hii zinakuwa zimeshaanza kushuka kabla ya kikomo, kwa hiyo huko juu hamna kitu. Plagi ya iridiamu nayo haiongezi nguvu, inadumu tu. Usibadili kiwango chake cha joto bila sababu. Kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi.

Kona_Kali
Mmemaliza injini, lakini ukispoti wa pikipiki ndogo uko kwenye tairi na shokapu. Rimu yako ya 1.85 inabeba 90/90-18 bila shida na kipenyo chake kinakaribiana na 3.00-18. 100/90-18 inataka rimu kuanzia 2.15. Ukiilazimisha kwenye 1.85 kingo zinabanwa, uso unakuwa mviringo mkali, inashika mstari mwembamba katikati na kuisha hapohapo, tena inaweza kugusa mnyororo. Isitoshe ni ndefu zaidi kwa kama asilimia 3, inakula karibu nusu ya ulichopata kwa sproketi ya 14. Mbele baki na saizi yako, badili aina ya mpira uwe laini zaidi. Rimu ni ya spoku, kwa hiyo tyubu inabaki hata kama tairi imeandikwa haihitaji tyubu.

Shokapu za mbele: badili oili, kutoka 10W kwenda 15W, ujazo sawasawa pande zote mbili. Usipime kwa chupa tu, toa springi, bonyeza shokapu hadi chini, pima kina cha oili kutoka mdomo wa mrija na ulinganishe. Ikiwa inazama sana ukifunga breki, ongeza kipande cha mrija cha mm 10 hadi 15 juu ya springi. Ukikaa juu yake izame robo hadi theluthi ya mwendo wake wote, isizidi. Nyuma, pima urefu wa shokapu kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, na kipenyo cha bushi. Ndefu kwa mm 10 inafanya usukani uwe mwepesi kuingia kona. Ukipita hapo stendi ya pembeni inailaza mno na mnyororo unasogea karibu na swingiamu. Vile vichupa vya gesi kwenye shokapu za bei ya chini mara nyingi ni pambo, havina kitu ndani.

Hendo za kubana mimi ningezisubirisha. Pima mrija wa shokapu kwa kalipa, tofauti ya mm 1 inatosha kuzifanya ziteleze. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote: mkono usibanwe na tangi, mrija wa breki usivutike, na injini ikiwa inaunguruma isipande mizunguko yenyewe, ikipanda waya wa aksileta umekazwa. Hendo nyoofu ya mrija wa mm 22 kwenye vishikio vilevile inakupa karibu mkao huohuo kwa kazi ya jioni moja. Ukisogeza vikanyagio nyuma, hakikisha fimbo ya breki haivuti ikiwa imeachiwa na taa ya breki inawaka, na mkono wa gia ukigeuzwa juu chini mpangilio wa gia nao unageuka.

Gia_ya_Tano
Nimeelewa. Na breki je, ya mbele inatosha?

Kona_Kali
Diski inatosha ukibadili pedi na mafuta ya breki. DOT 4, si DOT 5, hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na iliyomo. Unene wa chini wa diski umeandikwa kwenye diski yenyewe, upime. Mrija wa chuma cha kusuka unasaidia kama wa mpira umezeeka. Ngoma ya nyuma isafishe vumbi, piga msasa uso wa shuu uliong'aa, na ukikanyaga hadi mwisho mkono wa nje usipite pembe mraba na fimbo, ukipita shuu zimekwisha.